Kamanda Aliyepigwa Marufuku: Liyongo, Witu na Lugha ya Amri katika Kesi ya Bosco Ntaganda

Utangulizi

Uhakiki wa tenzi na masimulizi ya Kiswahili umeizoea sana sura moja ya shujaa. Huyu ni mtu wa vita ambaye mwenye dola amemtangazia adhabu, amemfungia njia na kuahidi fedha kwa atakayemleta, naye akaendelea kuishi katika vinywa vya watu. Fumo Liyongo ndiye mfano wake mkuu. Mazoea hayo yamezaa kanuni ambayo haikuandikwa popote, lakini hufuatwa madarasani mara kwa mara, kwamba marufuku yenyewe ni ushahidi wa ushujaa. Aliyekataliwa na wakubwa huhesabiwa kuwa wa watu, na kadiri marufuku inavyokuwa kali ndivyo sifa inavyokuwa kubwa.

Kanuni hii ilikuwa na uzito mdogo wakati ilipohusu watu wa kale tu. Tangu Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa lilipoanza, katika miaka ya 2000, kuwawekea vikwazo makamanda mmojammoja wa mashariki ya Kongo, uzito wake umeongezeka. Makamanda hao hutumia Kiswahili, huamrisha kwa Kiswahili, na baadhi yao wameimbwa na kusifiwa kwa Kiswahili. Msomaji aliyefunzwa kumwona Liyongo katika kila mtu aliyepigwa marufuku atawaona nao vivyo hivyo. Kinyume chake, msomaji anayeiamini orodha ya vikwazo kuwa ndiyo maelezo kamili ya mtu hatakuwa na kazi yoyote ya kihakiki ya kufanya.

Makala hii inadai kuwa marufuku dhidi ya kamanda haithibitishi ushujaa wake wala haimalizi habari za uovu wake. Kipimo kinachofaa ni lugha iliyotumika chini ya amri yake, pamoja na nafasi ambayo lugha hiyo iliwaachia waliotendwa ya kuwa watu wanaoweza kusema. Hoja hii itajengwa kwa kulinganisha kumbo tatu za matini: utendi wa Liyongo, kumbukumbu za vita vya Witu vya mwaka 1890, na maandishi yanayohusu kazi ya kijeshi ya Bosco Ntaganda, aliyewekewa vikwazo mwaka 2005 na kuhukumiwa mwaka 2019.

Usomaji unaopendekezwa unaanzia Chara, katika delta ya Mto Tana upande wa Garsen. Uteuzi wa mahali hapa una sababu. Chara ni jirani ya Ozi na Kipini, yaani iko katika nchi ileile ambayo mapokeo humweka Liyongo na ambamo kaburi lake hutajwa. Jeshi lililoiangamiza Witu lilishuka pwani hiyohiyo. Isitoshe, delta hii haikujua vita vya hadithi pekee. Mnamo Agosti 2012 watu zaidi ya 50, wengi wao wakiwa wanawake na watoto, waliuawa katika kijiji cha Riketa, na mauaji ya kulipizana yakaendelea kwa miezi. Kusoma kutoka Chara, kwa hiyo, ni kusoma kutoka ukingo wa mto ambako majeshi hupita, mbali na jumba la mtawala na mbali vilevile na kambi ya kamanda.

Marufuku katika Utendi wa Fumo Liyongo

Utendi unaofahamika zaidi ni ule wa Muhamadi Kijuma wa Lamu, ulioandikwa mwaka 1913. Kwa upande wa njama, utendi huu ni mfululizo wa hatua za marufuku. Mtawala wa Pate anaogopa kwamba Liyongo atamnyang'anya ufalme. Liyongo anakimbilia msituni. Mtawala anawaahidi fedha Wasanye na Wadahalo ili wamuue. Wanamtegea kwa kikoa cha makoma, kila mtu apande mkoma kwa zamu yake, wakitumaini kumpiga mishale atakapokuwa juu. Ilipofika zamu yake, Liyongo anayaangusha makoma kwa mshale akiwa chini. Baadaye anafungwa gerezani, anatoroka, na mwishowe anauawa na mwanawe mwenyewe, aliyerubuniwa kwa ahadi za cheo na ndoa, kwa sindano ya shaba ya kitovuni.

Ukitazamwa kwa muhtasari huo, utendi unaonekana kuithibitisha kanuni iliyotajwa. Kila marufuku inashindwa, na kila kushindwa kwake kunamkuza Liyongo. Lakini muhtasari huo unaacha jambo kubwa. Liyongo haokolewi gerezani na nguvu zake. Anaokolewa na mama yake, aliyeficha tupa ndani ya mkate wa wishwa, na Saada, kijakazi aliyekuwa akimletea chakula na kupeleka ujumbe wake. Walinzi walikula vyakula vizuri na kuuachilia mkate wa wishwa umfikie mfungwa. Ujumbe wenyewe ulipelekwa kwa wimbo wenye mafumbo, mbele ya walinzi walioyasikia maneno na wasiitambue maana.

Wahakiki wameligusa suala hili kwa namna mbalimbali. Joseph Mbele, katika makala yake ya 1986, alikwisha kuuliza shujaa wa utendi huu hasa ni nani, na swali hilo halijapoteza nguvu. Jambo la kuongeza hapa linahusu lugha. Saada ni mtumwa; katika ngazi ya jamii ya utendi hakuna aliye chini yake. Hata hivyo utendi unamtaja kwa jina, unamfanya asemeshwe moja kwa moja, na unaifanya akili yake ya kukumbuka wimbo na kuufikisha kama ulivyo kuwa nguzo ya mkasa. Akikosea neno moja, Liyongo anakufa.

Haifai kulipamba jambo hili kupita kiasi. Saada hapewi uhuru, wala utendi haujiulizi yaliyompata baada ya Liyongo kutoroka. Wasanye na Wadahalo nao wamechorwa kama watu wa kununuliwa, na Wapokomo, ambao ni wenyeji wa mto na wenye masimulizi yao kuhusu Liyongo, hawasikiki katika utendi wa Kijuma. Msomaji wa Chara ana haki ya kuuliza ni nani aliyewalisha na kuwavusha mto watu wote hawa wa vita. Utendi haujibu. Lakini unaacha mlango wazi kwa swali hilo kuulizwa, kwa kuwa unakubali kwamba maisha ya kamanda yamo mikononi mwa watu ambao si makamanda.

Tukio la kisimani linathibitisha hilo. Liyongo anakufa akiwa amepiga goti, upinde wake umevutwa, na watu wa mji hawathubutu kuteka maji kwa kumdhania yu hai. Ni kilele cha sifa, kwani hata maiti yake inatisha. Lakini tukio hilohilo linaonyesha kwamba mji mzima umeingia kiu kwa sababu ya ugomvi wa wakubwa wawili, na anayetumwa kuwafungulia njia ya maji ni mama wa marehemu. Utendi unaweka sifa na gharama yake katika picha moja, na msomaji anayeisoma sifa pekee amesoma nusu.

Witu: marufuku ya mataifa

Kama utendi wenyewe ni mpana hivyo, kuna haja ya kueleza kwa nini wasomaji wengi wamebaki na nusu ile ya sifa. Sehemu ya jibu imo katika historia ya Witu.

Witu ilianzishwa katika karne ya 19 na Ahmed bin Fumo Luti, aliyejulikana kwa jina la Simba, wa ukoo wa Nabahani uliotawala Pate. Mji ulijengwa msituni, mbali na mizinga ya manowari, na ukawa kimbilio la watu wengi wakiwamo watoro kutoka mashamba ya pwani. Mwaka 1885 Simba aliingia katika ulinzi wa Wajerumani kupitia ndugu wawili wa ukoo wa Denhardt. Baada ya kifo chake alimrithi Fumo Bakari. Tarehe 1 Julai 1890, kwa mkataba uliohusu pia kisiwa cha Heligoland, Ujerumani iliikabidhi Witu kwa Uingereza bila Fumo Bakari kuwa na sauti katika makubaliano hayo.

Siku moja baadaye, tarehe 2 Julai 1890, Hati ya Brussels ilitiwa sahihi na mataifa kadhaa. Pamoja na kupiga vita biashara ya watumwa, hati hiyo iliweka mipaka juu ya uingizaji wa silaha za moto katika sehemu kubwa ya Afrika. Ilitanguliwa na kizuizi cha majini ambacho Uingereza na Ujerumani ziliuwekea mwambao wa Afrika Mashariki kuanzia Desemba 1888 hadi 1889, wakati wa vita vya Abushiri. Haya ni miongoni mwa matukio ya mwanzo ambapo madola yaliungana kuwanyima silaha watawala na makamanda wa eneo hili kwa jina la ubinadamu. Yaliyofuata Witu yalionyesha sura ya pili ya ubinadamu huo. Mnamo Septemba 1890 Wajerumani kadhaa, akiwamo Andreas Küntzel, waliuawa Witu. Oktoba hiyohiyo Admirali Fremantle alishusha kikosi Kipini, akapanda hadi Witu, na mji ukachomwa moto. Fumo Bakari alikimbilia msituni, fedha ikaahidiwa kwa atakayemkamata, naye akafariki mapema mwaka 1891.

Mlingano na njama ya Liyongo unaonekana bila kutafutwa: mtawala mwenye nguvu, mkimbizi msituni, fedha za kununua wasaliti, kifo kisichokuwa cha medani. Kijuma aliuandika utendi wake miaka 23 baada ya moto wa Witu, katika nchi ambayo watu waliouona moto huo walikuwa bado hai. Haihitajiki kudai kwamba alikuwa akiandika juu ya Fumo Bakari. Inatosha kutambua kwamba wasomaji na wasikilizaji wake walikuwa na sababu nzuri ya kuamini kwamba anayepigwa marufuku na wakubwa wa nje ameonewa. Uzoefu uliwafundisha hivyo, na uzoefu huo ulikuwa wa kweli.

Tatizo ni kuufanya uzoefu wa mwaka 1890 kuwa sheria ya nyakati zote. Hata Witu yenyewe haikubali kusomwa kwa urahisi. Mji uliowapokea watoro ulikuwa pia na mashamba yaliyotegemea kazi ya watumwa. Ukitazamwa kutoka Lamu au Zanzibar, Fumo Bakari ni mtawala aliyedhulumiwa na mataifa. Ukitazamwa kutoka kwa mtumwa wa shamba la Witu, yeye ni mtawala tu. Dhuluma ya waliomwadhibu haiwezi kuwa jibu la swali la mtu huyo wa shambani, kwa sababu wao hawakuchoma mji kwa ajili yake, na sifa za kamanda hazikutungwa kwa ajili yake pia.

Orodha kama wasifu

Kutoka Witu hadi Ituri, kaskazini-mashariki ya Kongo, ni mwendo mrefu wa miaka na wa ardhi. Vinaunganishwa na utanzu mmoja, tangazo la mataifa dhidi ya mtu wa vita. Utanzu huo umekua. Julai 2003 Baraza la Usalama liliweka marufuku ya silaha kwa makundi ya mashariki ya Kongo kwa azimio nambari 1493. Mwaka 2004, kwa azimio nambari 1533, iliundwa kamati ya kusimamia vikwazo, na Aprili 2005 azimio nambari 1596 likaongeza marufuku ya kusafiri na kuzuiliwa kwa mali za watu binafsi. Tarehe 1 Novemba 2005 jina la Bosco Ntaganda liliingia katika orodha.

Ingizo la orodha ni matini fupi yenye muundo thabiti: jina, majina mengine, mahali na tarehe ya kuzaliwa, uraia, cheo, siku ya kuorodheshwa, na maelezo machache ya matendo. Mhakiki wa fasihi atavutwa kwanza na majina. Ntaganda ameandikwa humo pia kama Bosco Taganda, Bosco Ntagenda na Jenerali Taganda. Yamo Lydia, jina linaloelezwa kuwa lilitumika alipokuwa katika jeshi la Rwanda, na Terminator, lililotoka katika filamu ya Kimarekani. Yamo hata majina ya redio, Romeo na Tango Romeo. Katika utamaduni wa majigambo wingi wa majina ni wingi wa sifa, na kila jina lina kisa chake. Katika orodha majina yametolewa visa vyake vyote. Kazi yake ni kumzuia mtu asipite mpakani au benki kwa jina jingine. Hata mahali pa kuzaliwa hapakutulia, kwani orodha inataja Bigogwe ilhali mahakamani ilielezwa kuwa ni Kinigi, zote za Rwanda.

Orodha, basi, ni wasifu usiokuwa na njama. Unamsimamisha mtu katika siku moja na kumwacha hapo. Maisha ya Ntaganda hayakusimama. Katika miaka ya 2002 na 2003 alikuwa naibu mkuu wa majeshi ya FPLC, tawi la kijeshi la chama cha UPC cha Thomas Lubanga huko Ituri. Baadaye alihamia Kivu na kundi la CNDP. Agosti 2006 Mahakama ya Kimataifa ya Jinai ilitoa hati ya kumkamata, iliyotangazwa hadharani mwaka 2008. Mwaka 2009, akiwa na vikwazo na hati hiyo juu yake, aliingizwa katika jeshi la taifa la Kongo kwa cheo cha jenerali na kuishi Goma bila kujificha. Aprili 2012 aliongoza maasi yaliyozaa kundi la M23. Kundi likagawanyika, upande wake ukashindwa na ule wa Sultani Makenga, naye akajisalimisha katika ubalozi wa Marekani mjini Kigali tarehe 18 Machi 2013.

Makenga mwenyewe aliwekwa katika orodha hiyohiyo Novemba 2012. Siku chache baadaye, tarehe 20 Novemba, M23 iliuteka mji wa Goma. Kundi lilishindwa mwaka 2013, likafufuka mwaka 2021, na Januari 2025 likauteka tena mji huo. Kwa hiyo orodha haikuizuia safari ya kijeshi ya yeyote kati ya wawili hawa. Mwenye kusifu atalichukua jambo hilo kama Wasanye na makoma, kwamba wakubwa wametega na mtego umeshindwa. Hapa ndipo kanuni ya marufuku kuwa ushahidi wa ushujaa inapofanya madhara yake. Orodha haina sauti ya waliotendwa, ina muhtasari wa makosa tu, na sifa nayo haina sauti yao. Matini hizi mbili zinazoonekana kuwa maadui zinakubaliana kumweka kamanda peke yake jukwaani.

Lugha ya amri

Kesi ya Ntaganda ilifunguliwa The Hague tarehe 2 Septemba 2015. Alikana mashtaka yote, akajieleza kuwa mwanamapinduzi na kulikataa jina la Terminator. Tarehe 8 Julai 2019 alitiwa hatiani kwa makosa 18 ya uhalifu wa kivita na uhalifu dhidi ya binadamu. Novemba mwaka huo alihukumiwa kifungo cha miaka 30, na Machi 2021 rufaa yake ikakataliwa. Waathiriwa 2,129 walishiriki katika kesi. Mwishoni mwa 2022 alihamishiwa Ubelgiji kutumikia kifungo.

Kwa mwanafasihi wa Kiswahili, hukumu hii ina umuhimu wa pekee ambao wanasheria hawakuulenga. Kwa kuwasikiliza mashahidi, majaji walilazimika kuyahifadhi katika maandishi yao maneno ya Kiswahili yaliyokuwa yakitumika ndani ya jeshi hilo. Matatu kati yake yanatosha.

La kwanza ni "kupiga na kuchaji". Kwa maelezo yaliyopokewa na mahakama, maana yake kwa askari ilikuwa kushambulia na kupora kila kitu, wanawake wakiwamo. Kuchaji lina sura ya mkopo kutoka Kifaransa, lugha ambamo kitenzi cha namna hiyo kina maana ya kupakia mzigo. Muundo wa kauli hii unafaa kutazamwa kwa makini. Vitenzi vyote viwili viko katika hali ya kitenzi-jina. Hakuna kiambishi cha nafsi, kwa hiyo hakuna anayepiga. Hakuna kiambishi cha yambwa, kwa hiyo hakuna anayepigwa. Kiswahili ni lugha ambayo kitenzi chake kwa kawaida hubeba ndani yake mtenda na mtendwa. Hapa vyote viwili vimeng'olewa, na kilichobaki ni tendo tupu linaloweza kumwangukia yeyote. Mwanamke anaingia katika kundi la vitu vya kupakiwa bila kutajwa hata kama kitu.

La pili ni "shika na mukono", jina la operesheni ya Februari 2003 katika eneo la Kobu. Wazee na watu wa Walendu waliitwa Sangi katika mkutano wa kuleta amani. Waliokwenda wakakamatwa, na mahakama ilithibitisha kwamba watu wasiopungua 49 waliuawa katika shamba la migomba huko Kobu. Kwa msemaji wa pwani kushikana mikono ni kupatana, na kumshika mtu mkono ni kumsaidia. Katika operesheni hii mkono ulionyoshwa kwa mapatano ndio uliotumika kukamata. Sarufi nayo ni ya amri, na aliyeshikwa ameachwa nje ya kitenzi kwa mara nyingine.

La tatu ni "guduria". Hili ni jina waliloitwa wasichana na wanawake waliokuwa askari wa jeshi hilohilo, na lilielezwa kuwa na maana ya chungu kikubwa cha kupikia ambacho kila mmoja aweza kukitumia. Kwa Kiswahili cha pwani gudulia ni chombo cha udongo cha kuwekea maji ya kunywa. Ntaganda alitiwa hatiani pia kwa ubakaji na utumwa wa kingono wa watoto waliokuwa askari wake mwenyewe, jambo lililoipa hukumu hiyo nafasi ya pekee katika sheria ya kimataifa. Neno moja la jikoni linaonyesha jinsi uhalifu huo ulivyoweza kuwa wa kila siku. Kabla binti hajatendwa kama chombo, alikuwa amekwisha kuitwa chombo.

Ulinganisho na Saada sasa una mahali pa kusimama. Saada ni kijakazi kisheria, lakini ana jina, anasemeshwa, na maneno anayopewa kubeba yana thamani ya uhai wa mtu. Msichana wa FPLC alikuwa askari kisheria, mwenzake kamanda katika mapambano, lakini jina lake liliondolewa na kuwekwa la chungu. Mtunzi wa utendi wa jamii yenye watumwa aliweza kumwachia mtumwa nafasi ya kusema. Lugha ya jeshi lililojiita la wazalendo haikuweza kumwachia nafasi hiyo askari wake. Tofauti hii ndiyo inayomnyima Ntaganda joho la Liyongo, wala haikutokana na orodha ya Umoja wa Mataifa.

Jambo la kisarufi lililopotea katika amri lilirudi katika ushahidi. Hakuna awezaye kutoa ushahidi kwa vitenzi-jina vitupu. Shahidi hana budi kusema nani alimfanya nini nani, na katika Kiswahili hilo ni kurudisha viambishi mahali pake. Ndiyo maana hukumu, pamoja na ukavu wake wa kisheria na kurasa zake nyingi, iko karibu zaidi na utendi kuliko orodha ilivyo. Ndani yake watu wasiokuwa makamanda wanakuwa watenda wa vitenzi.

Pingamizi

Pingamizi kubwa linaweza kutolewa, kwamba kuisifu hukumu ya The Hague ni kusahau Witu. Washtakiwa wa mwanzo wa Mahakama hiyo walikuwa Waafrika watupu, na vikwazo huwaandama makamanda wa msituni kwa urahisi kuliko dola zinazowapa silaha. Pingamizi hili lina ukweli. Mfano wake mzuri umo ndani ya historia ya kesi hiyohiyo. Fatou Bensouda, aliyekuwa Mwendesha Mashtaka Mkuu wakati Ntaganda akihukumiwa, aliwekewa vikwazo na Marekani Septemba 2020, vikaondolewa Aprili 2021. Kama kuorodheshwa kungekuwa ushahidi wa uovu, au kungekuwa ushahidi wa ushujaa, ingebidi Ntaganda na aliyemshtaki wapewe sifa moja.

Lakini pingamizi hili halimwokoi kamanda. Linaitia nguvu hoja kwamba marufuku hutegemea nguvu ya anayeitoa, na kwamba msomaji hawezi kuikabidhi kazi ya kupima. Sauti ya mwathiriwa wa Kobu haiwi ya uongo kwa kuwa imesikika katika chumba kilichojengwa na wenye nguvu. Aidha, fidia ya dola milioni 30 iliyoamriwa Machi 2021 haikumpa mwathiriwa huyo utendi. Hiyo ni kazi iliyobaki kwa watunzi, na mahakama haiwezi kuifanya kwa niaba yao.

Hitimisho

Makala hii imejaribu kuonyesha kuwa fasihi ya Kiswahili ilirithi kutoka kwa Liyongo kitu kikubwa kuliko sura ya mtu asiyekamatika. Ilirithi namna ya kusimulia ambamo kijakazi ana jina na mji wenye kiu unaonekana. Moto wa Witu uliwapa wasomaji sababu ya kumpenda aliyepigwa marufuku, na sababu hiyo iliheshimika katika wakati wake. Ilipogeuzwa kuwa kanuni, iliwafanya wasisikie maneno kama "guduria", ingawa yalisemwa katika lugha yao wenyewe.

Utafiti zaidi unahitajika kuhusu Kiswahili cha amri, hasa nyimbo za kambini, majina ya operesheni na lakabu za askari wa ngazi ya chini, kama vilivyohifadhiwa katika kumbukumbu za mahakama na katika masimulizi ya walionusurika. Masimulizi ya Wapokomo kuhusu Liyongo nayo yanastahili kusomwa sambamba na utendi wa Kijuma, ili yasibaki kuwa tanbihi yake. Mkulima wa Chara anayemwona mtu wa bunduki akija kuvuka mto hana haja ya kujua kama jina lake limo katika orodha ya nani. Atataka kujua ataitwa nani na watu wa mtu huyo watakapofika ng'ambo.